Mapezi ya tilapia yakikatika, usikimbilie dawa



Tukimaliza lisansi, wengi wetu tunakosa kazi, njo maana vijana wengi hapa Kivu wanachimba bwawa la samaki. Ni wazo nzuri. Mimi pia nilichimba. Mwezi wa tatu nikaona tilapia zangu mapezi yamekatika-katika, mikia kama kitambaa cha zamani. Nikakimbia kununua vidonge vya tetrasiklini, nikavisaga, nikamwaga ndani ya maji. Makuta ikapotea, samaki wakaendelea kufa. Miaka mitano ya agronomia, lakini swali la kwanza sikujiuliza: ni nini inakata haya mapezi?

Kuko sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni meno. Dume la tilapia analinda kiota chake chini ya bwawa na anafukuza wenzake. Pezi iliyoumwa inakuwa na mkato safi, inatokea kwa siku moja, na ukingo wake haugeuki rangi. Samaki anaendelea kula, na kwa kawaida kidonda kinapona chenyewe.

Ya pili ni kuoza. Ukingo wa pezi unakuwa mweupe ao mwekundu, kisha unaliwa kidogo kidogo kuelekea mwilini. Hiyo ni kazi ya bakteria kama Aeromonas na Flavobacterium. Lakini bakteria hao wako ndani ya maji kila siku. Samaki mwenye nguvu hawamuwezi. Wanaingia wakati amechoka: samaki wamebanana, chakula imeoza chini, oksijeni imepungua, ao umemkwaruza na wavu.

Adui mkubwa ni amonia. Samaki mwenyewe anaitoa kupitia matamvua, na chakula iliyobaki inaiongeza. Mchana, jua likiwa kali, mwani unavuta gesi ya kaboni, pH ya maji inapanda, na sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka sumu. Maji yaliyokuwa salama asubuhi yanaweza kumuumiza samaki mchana.

Basi tufanye nini?

1. Acha kulisha siku mbili. Toa maji ya chini, ingiza mapya pole pole.

2. Hesabu samaki. Kwa bwawa la kijijini bila mashine ya hewa, samaki 2 kwa meta moja ya mraba inatosha. Mimi nilikuwa nimeweka 5!

3. Ingiza mkono ndani ya maji. Kama kiganja kinapotea mbele ya maji kufika kwenye kiwiko, mbolea imezidi. Simamisha samadi.

4. Wagonjwa wachache, watenge. Waogeshe katika beseni yenye chumvi ya jikoni, gramu 10 kwa lita 1, dakika 10, ukiwa unaangalia. Akilala ubavu, mrudishe mara moja kwenye maji safi.

Pezi inaota tena kama kuoza hakujafika kwenye shina lake. Kukifika mwilini, mtoe huyo samaki kabisa.

Na vidonge? Ukivimwaga bwawani, hakuna anayejua kila samaki amepata kiasi gani. Bakteria wanazoea dawa, na dawa ileile njo tunapewa sisi watu tukiugua.

Nilipopunguza samaki na chakula, vifo vikasimama bila kidonge hata kimoja. Wewe mwenye bwawa, kesho asubuhi mbele ya kulisha, shika samaki watano, angalia ukingo wa mapezi yao.