Gari likilia kwenye kona, pampu ya usukani inaomba mafuta

KISANGANI, Tshopo – Mlio huanza asubuhi, injini ikiwa bado baridi. Dereva wa teksi anakata kona kuingia Kapalata, na chini ya boneti inasikika sauti nyembamba, kama ya mbu mkubwa. Usukani ukirudi katikati, sauti inanyamaza. Dereva anaongeza redio na kuendelea kutafuta abiria.

Asipoishughulikia, siku moja mlio utadumu mchana kutwa na usukani utakuwa mzito. Kilichohitaji chupa ya mafuta na pete ya kubania mpira sasa kitahitaji pampu nyingine.

Kwa mji kama Kisangani, hilo ni pigo. Bidhaa za Kinshasa hupanda mto Kongo umbali wa zaidi ya kilomita 1,700. Zile zinazotoka upande wa Uganda hupita barabara ya taifa namba 4 kupitia Beni, Komanda, Mambasa na Niania, njia ambayo sehemu zake zimekumbwa na mashambulizi ya waasi. Kipuri kikichelewa, gari husimama, na teksi iliyosimama hailishi familia.

Kinacholia ni nini?

Katika magari mengi yaliyotumika, usukani husaidiwa na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Ndiyo mfumo ambao kwa Kifaransa huitwa direction assistée. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu ili magurudumu yageuke bila dereva kutoa jasho. Mfumo huu si mgeni: mhandisi Mmarekani Francis Davis aliufanyia kazi tangu miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye usukani wa aina hiyo.

Gari linapokwenda moja kwa moja, pampu haina kazi kubwa. Kwenye kona ndipo hubeba mzigo. Mafuta yakiwa yamepungua, pampu hunyonya hewa pamoja nayo, na mapovu hayo ndiyo hutoa mlio. Mafuta hayohayo ndiyo hulainisha vyuma vya ndani, kwa hiyo pampu inayolia ni pampu inayosagika.

Sikiliza kabla ya kufungua

Si kila kelele ya kona hutoka kwenye pampu. Mvumo unaopanda kadiri injini inavyokanyagwa, hata gari likiwa limesimama, huelekeza kwenye pampu. Kelele kali ya kukwaruza, hasa usukani ukizungushwa hadi mwisho, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Maji kidogo yakinyunyizwa juu ya mkanda na kelele ikabadilika kwa muda, mkanda ndio wa kushukiwa.

Mlio wa tak-tak-tak gari likitembea huku limekata kona kali hutoka kwenye kadani, yaani mhimili unaozungusha gurudumu. Ngurumo inayoongezeka kwa mwendo wa gari, si wa injini, ni dalili ya beringi ya gurudumu. Anayebadilisha pampu kwa sababu ya beringi hupoteza pesa mara mbili.

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana usukani wa umeme usio na mafuta kabisa. Kwa hayo, kutafuta chupa ya mafuta ni kazi bure.

Kujaza si kutengeneza

Hatua ya kwanza ni kuzima injini na kuangalia kikopo cha mafuta. Yakiwa chini ya alama, yameenda mahali fulani, kwa sababu mfumo huu hauli mafuta. Fundi hufuata mipira yote, huangalia maungio ya ule wa shinikizo, kisha hufunua mipira ya kuzuia vumbi kwenye ncha za reki ya usukani. Ikiwa na mafuta ndani, sili za reki zimekwisha.

Kosa linalosahaulika liko kwenye mpira unaotoka kikopo kwenda pampu. Pete yake ikilegea, mpira hunyonya hewa bila hata tone kuanguka chini. Mafuta huonekana yametosha, lakini yana povu na gari bado linalia.

Aina ya mafuta nayo ni muhimu. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, yenye jina Dexron kwenye chupa. Honda hutaka mafuta yake maalumu. Mafuta ya breki hayafai kabisa kwa sababu huharibu sili za mpira.

Kutoa hewa

Baada ya kuziba panapovuja na kujaza, magurudumu ya mbele huinuliwa. Kwenye udongo laini, chini ya stendi huwekwa ubao mpana. Injini ikiwa imezimwa, usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara 15 hadi 20, huku mwenzake akiongeza mafuta yanaposhuka. Kisha injini huwashwa na zoezi kurudiwa hadi povu liishe. Usukani haushikiliwi mwisho wa kona kwa zaidi ya sekunde chache, maana hapo shinikizo hufikia kilele.

Mlio ukibaki ilhali mafuta ni safi, hayavuji na mkanda ni mzima, pampu yenyewe imechoka.

Kuendelea kuendesha hivyo kuna hatari. Mafuta yakidondokea bomba la moshi lenye moto yanaweza kuwaka. Katika magari ambayo mkanda mmoja huzungusha pia pampu ya maji, pampu ya usukani ikikwama na kukata mkanda, injini huchemka. Na usukani ukipoteza msaada ghafla, gari bado hugeuka, ila kwa nguvu nyingi ambazo dereva huenda asizipate kwa wakati, mtoto anapokatiza barabara.

Kuangalia kikopo huchukua dakika mbili asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza kupanda.