MARIJANI, TUMBAWE NA MWAMBA

Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza swali lililoninyamazisha kwa muda. Alisema, "Mwalimu, Jumapili tulisomewa kanisani kwamba mke mwema ana kima kupita marijani. Kamusi yasema marijani hutoka baharini. Katika jiografia twafundishwa matumbawe, nayo hutoka baharini. Je, ni kitu kimoja au ni viwili?" Kengele ililia, nami nikamjibu kwa ufupi tu. Lakini swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na jibu lenyewe ni hili. Sisi wa Malampaka tuko mbali na bahari, na wengi wetu hatujaiona kwa macho. Hata hivyo kitu hiki kimo katika maneno yetu, na pengine katika kuta zetu, kuliko tunavyodhani.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Zamani watu walibishana kama ni jiwe au ni mmea. Ukweli ni kwamba ni mnyama. Ni mnyama mdogo sana, mwenye mwili laini kama mfuko, mdomo mmoja, na vidole vya kukamatia chakula kuzunguka mdomo huo. Huishi kwa maelfu, wameshikamana. Kila mmoja hutoa chokaa katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu chini yake. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Nyumba hiyo ya chokaa, iliyojengwa na vizazi vingi, ndiyo tuitayo tumbawe. Mnyama huyu hawezi kuishi katika maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana hatumkuti katika Ziwa Victoria, ingawa maji yake ni mengi na ya vuguvugu.

Sasa turudi kwa swali la mwanafunzi wetu. Marijani na matumbawe ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Marijani yenyewe ni nyekundu, na iliyosifiwa zaidi tangu kale hutoka katika Bahari ya Kati, baina ya Afrika na Ulaya. Haijengi miamba. Huota kama kijiti kidogo chenye matawi, na kijiti hicho husuguliwa na kukatwa shanga, pete na mikufu. Hiyo ndiyo iliyotajwa katika Mithali mlango wa 31, na katika Kurani, Sura ya Ar-Rahman, ambako imetajwa pamoja na lulu. Kwa uzuri wake watu wameifanya jina la mtoto pia. Wazazi wetu wanamkumbuka Marijani Rajab, mwimbaji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1995, ambaye walimwita Jabali la Muziki. Jina lake ni pambo la baharini, na sifa yake ni mwamba mkubwa!

Marijani ilifika hata bara, ijapokuwa kwa mfano tu. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta Unyamwezi na Usukuma shanga nyekundu za kioo zilizotengenezwa Ulaya kwa kuiga marijani. Wafanyabiashara waliziita samesame. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba shanga hizo zilikuwa na majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa kuwa watu walikuwa tayari kutoa chakula chao chote ili wazipate. Basi, babu zetu walitoa mali ya kweli, nao wakapewa mfano wa marijani.

Tumbawe nalo halikuvaliwa shingoni, bali lilijenga miji. Mafundi wa pwani walikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la mwamba wa kale ulioachwa na bahari katika nchi kavu. Hilo ni gumu na lenye matundu, nalo lilifaa kwa kuta. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Kwa hiyo walilitumia kwa kibla, miimo ya milango na mapambo. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yapo maandishi yaliyochongwa katika jiwe la namna hii yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kule Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta aliutembelea mji huo mwaka 1331. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Yote hayo ni kazi ya mnyama asiyezidi ukubwa wa punje.

Jiwe peke yake halishikamani, kwa hiyo tumbawe lilitoa gundi pia. Mafundi walipanga magogo, wakaweka vipande vya matumbawe juu, wakawasha moto. Mawe yaliyoungua yalimwagiwa maji yakawa chokaa. Chokaa hiyo ilichanganywa na mchanga kwa kujengea, ikapakwa kuta zikawa nyeupe, na kidogo kikawekwa kando kwa ajili ya tambuu. Desturi hiyo haikuisha mara moja. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, huchimba mawe ya chokaa ambayo ni mwamba wa matumbawe wa zamani sana. Kwa hiyo kila uonapo ukuta uliojengwa kwa saruji ya huko, jua kwamba umesimama mbele ya kazi ya bahari.

Neno la tatu ni mwamba. Matumbawe yakijikusanya kwa maelfu ya miaka huwa ukuta mrefu chini ya maji, karibu na pwani. Nahodha huuogopa, kwani jahazi likipanda mwamba limekwisha. Nasi wa bara tukisikia kwamba mazungumzo fulani yamegonga mwamba, twatumia lugha ya mabaharia bila kujua. Lakini mwamba huohuo ni ngao ya watu wa pwani. Mawimbi makubwa huvunjika juu yake, na yafikapo ufuoni nguvu zao zimepungua. Tena ni nyumba ya samaki. Miamba ya matumbawe haifiki hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari za dunia, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea.

Wataalamu nao wameongeza matumizi mengine. Madaktari wa nchi kadhaa hutumia kipande cha tumbawe lililosafishwa kujaza mahali palipopungua mfupa. Na mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari myembamba katika matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, akaona kwamba yapata miaka milioni 380 iliyopita mwaka mmoja ulikuwa na siku 400 hivi, kwa sababu dunia ilizunguka upesi zaidi kuliko sasa. Tumbawe lilikuwa limetunza kalenda.

Ndugu wasomaji, mtaona kwamba karibu matumizi yote niliyoyataja ni ya tumbawe lililokufa. Mwanadamu alijifunza kwanza kuliua kisha kulitumia, na amechelewa mno kutambua kwamba likiwa hai faida yake ni kubwa zaidi. Tumbawe la mviringo hukua yapata sentimita moja kwa mwaka. Likiwa na kimo cha mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, lilianza kukua kabla Wajerumani hawajaitawala nchi hii. Mvuvi wa baruti hulivunja kwa mshindo mmoja. Uvuvi huo umekatazwa kwa sheria Tanzania tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Adui mwingine ni joto. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo hulilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida hata kwa digrii moja kwa wiki kadhaa, mimea hiyo hutoka, tumbawe likawa jeupe, na hali hiyo ikiendelea hufa kwa njaa. Wazazi wetu wanazikumbuka mvua kubwa za Elinino za mwaka 1997 na 1998. Wakati ule bara ilipofurika maji, pwani bahari ilipata joto, na mwaka 1998 matumbawe mengi ya Mafia na kwingineko yalikufa. Msiba ulikuwa mmoja, nasi tuliuona upande wetu tu.

Dawa yake je? Kupunguza joto la dunia ni kazi ya mataifa yote. Lakini iko dawa ya kijijini, na Msukuma hahitaji kufasiriwa. Wazee wetu walikuwa na ngitili. Walifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yaote, wakaifungua kiangazi ng'ombe wakipata shida. Desturi hiyo ilipofifia, nchi ikawa kavu, hata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Maswa ikiwa bado katika mkoa huo, ukaifufua. Basi, huko Pemba wanakijiji wa Kisiwa Panza hufanya vivyo hivyo baharini. Hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, pweza wakue, kisha huifungua kwa siku waliyopatana. Hawajaona ngitili, nasi hatujauona mwamba wao, lakini akili ni moja.

Hilo ndilo jibu langu. Marijani ni pambo, tumbawe ni jiwe, mwamba ni ngao, na chanzo cha yote matatu ni mnyama mdogo afanyaye kazi pasipo kuonekana. Mwanafunzi atakayejaliwa kufika pwani asirudi na kipande cha tumbawe mfukoni ili atuonyeshe. Na aangalie vizuri, kisha arudi atusimulie.