Miaka ya Kifungo na Risasi za Chicago

Katika mwaka 2016 watu zaidi ya 750 waliuawa katika mji wa Chicago, jimbo la Illinois, nchini Marekani, aghalabu yao kwa risasi, na idadi hiyo iliipita ile ya mwaka uliotangulia kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba mwezi wa Juni mwaka 2017 Gavana Bruce Rauner alitia saini sheria ambayo mkuu wa polisi wa mji, Eddie Johnson, alikuwa ameipigania. Kwa sheria hiyo, mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa la silaha, naye akakamatwa tena na bunduki, ambaye hapo awali jaji aliweza kumpa kifungo chochote kati ya miaka 3 na 14, sasa alitazamiwa kupewa miaka 7 hadi 14, na jaji aliyetaka kumpunguzia alipaswa kueleza sababu zake.

Mimi si katika wanaozicheka sheria za namna hii, kwani mama aliyemzika mwanawe ana haki ya kutaka kwamba muuaji asionekane tena mtaani pake, na serikali isiyomsikia mama huyo haina uso wa kuwaomba raia utii. Lakini mtu asemapo kwamba kifungo kirefu kinafaa, huwa anasema mambo matatu kwa kauli moja: kwamba aliye ndani hawezi kumpiga risasi aliye nje; kwamba aliye nje, akizisikia habari za aliye ndani, atashikwa na hofu; na kwamba aliye ndani, siku atakapofunguliwa, atakuwa ameonja uchungu wa kumtosha asirudie jinai. La kwanza ni kweli, maadamu genge lake halikumpata mwingine wa kukishika cheo chake. La pili nitalirejea. La tatu ndilo linaloaminiwa zaidi kuliko linavyochunguzwa.

Ugumu wa kulichunguza ni kwamba waliofungwa miaka mingi hawalingani na waliofungwa michache. Walitofautiana tangu mwanzo kwa tabia na kwa uzito wa makosa yao, na anayewalinganisha hivi hivi hujidanganya. Wataalamu waliofanya kazi na David Harding katika jimbo la Michigan waliipita shida hiyo kwa hila njema: walitambua kwamba kesi hugawiwa majaji karibu kama kwa kura, na kwamba miongoni mwa majaji wamo wakali na wamo wapole, hata watu wawili wenye kosa moja na historia moja huenda mmoja gerezani na mwenziwe kwenye kifungo cha nje chini ya uangalizi, kwa sababu tu ya jina la jaji. Walifuatilia zaidi ya watu 100,000 waliohukumiwa tangu 2003 hadi 2006, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikuwa haya: gereza lilipunguza ukatili kidogo kwa muda ule mfungwa alipokuwa ndani, lakini baada ya kutoka kwake halikuonyesha taathira ya maana, si ya heri wala ya shari. Uchunguzi huo, ni kweli, ulipima gereza dhidi ya kifungo cha nje, haukupima miaka 3 dhidi ya 7. Hata hivyo unaivunja nguvu dhana kwamba kuta zenyewe humtia mtu adabu.

Insafu yanilazimu kuutaja ushahidi wa upande wa pili. Tume ya Hukumu ya serikali kuu ya Marekani iliwatazama zaidi ya wafungwa 32,000 waliofunguliwa mwaka 2005, ikawafuata kwa miaka 8, na katika taarifa yake ya mwaka 2020 ikasema kwamba wale waliokaa zaidi ya miaka 10 walikuwa na uwezekano wa kurudia makosa uliopungua kwa kiasi cha asilimia 30 ukilinganishwa na wenzao waliokaa muda mfupi. Ila kwa waliokaa miaka 5 au chini yake, haikuonekana tofauti ya kuaminika. Sioni sababu ya kuidharau taarifa hiyo. Nasema tu kwamba wafungwa wa serikali kuu ni sehemu ndogo ya wafungwa wa nchi ile, na wengi wao waliingia kwa biashara ya madawa ya kulevya, ilhali kijana wa Chicago aliyefyatua risasi kona ya mtaa wake aghalabu hushtakiwa na jimbo.

Tena kuna jambo la umri, ambalo Quetelet, Mbelgiji mwenye hesabu, alikwisha kuliandika mwaka 1831: jinai ina msimu wake katika maisha ya mtu. Ukatili wa mitaani hupanda katika miaka ya mwisho ya ujana wa awali, hufikia kilele karibu na miaka 20, kisha hushuka, na aliyekuwa moto akiwa na miaka 19 huwa amepoa akiwa na 35, awe alifungwa au hakufungwa. Hivyo kila mwaka unaoongezwa mwishoni mwa kifungo kirefu hununuliwa kwa bei ile ile ya mwaka wa kwanza, nao huzuia madhara machache kuliko mwaka wa kwanza.

Narudi kwenye hofu. Mwanafalsafa Beccaria wa Milano aliwaambia watawala tangu 1764 kwamba adhabu ndogo isiyoepukika hutisha kuliko kubwa yenye mwanya wa kuponyokea, na Chicago ya mwaka 2016 ni kana kwamba ilijitolea kumthibitishia: wachunguzi wa chuo kikuu cha mji huo walionyesha kwamba katika mauaji yaliyotokea, polisi walipata wahusika wa asilimia 26 hivi, na katika watu waliopigwa risasi wasife, asilimia 5 tu. Mashahidi hunyamaza, wengine kwa kuogopa kisasi na wengine kwa kutowaamini polisi, na kesi hufa kabla ya kuzaliwa. Mvuvi ambaye wavu wake umetoboka hapati samaki zaidi kwa kulipanua tenga lake. Tangu mwaka 2000 sheria ya Illinois iliongeza miaka 15 juu ya baadhi ya makosa makubwa kwa mwenye kubeba bunduki, 20 kwa mwenye kuifyatua, na 25 hadi maisha kwa mwenye kujeruhi vibaya au kuua. Adhabu hizo zilikuwa vitabuni mwaka ule wa 2016. Nasi wa huku tusijione mbali, kwa maana Kenya imeweka hukumu ya kifo kwa wizi wa kutumia nguvu na haijamnyonga mtu tangu 1987, wala majambazi wa Nairobi hawakuzitupa bastola zao kwa kukisoma kifungu hicho.

Na wanaofyatua si umma mzima. Andrew Papachristos na wenzake walipoichora mitandao ya watu waliokamatwa pamoja Chicago, walikuta kwamba asilimia 70 ya majeraha ya risasi yasiyoua yaliwapata watu wa mitandao isiyofikia asilimia 6 ya wakazi. Wanaojulikana hivyo hufikika. Mpango wa READI, ulioanza huko mwaka 2017, uliwapa wanaume wa namna hiyo kazi ya ujira kwa miezi 18 pamoja na mafunzo ya kuitawala ghadhabu, na majaribio yake, yaliyohusisha watu 2,456 waliogawanywa kwa kura, hayakuonyesha tofauti ya kuaminika katika kipimo cha jumla cha ukatili mkubwa, ingawa kukamatwa kwa kupiga risasi na kuua kulipungua kwa asilimia 65. Waliofaidika zaidi ni wale waliochaguliwa na watu wa mitaani wenyewe, si waliotajwa na kompyuta, jambo ambalo wenye kupenda mashine wangepaswa kulitafakari.

Na kwa wanaotoka gerezani, wakati wa kuwafikia nao unajulikana. Idara ya takwimu za sheria ya Marekani iliwafuata wafungwa walioachiliwa na majimbo 30 mwaka 2005: katika miaka 9 asilimia 83 walikamatwa tena, lakini asilimia 44 walikuwa wamekwisha kukamatwa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Kama ningekuwa na fedha za mwaka mmoja wa kifungo za kuzigawa upya, ningezipeleka sehemu kwa wapelelezi wa majeraha yasiyoua, na zilizobaki kwa miezi hiyo 12 ya kwanza: mahali pa kulala, hati za kuombea kazi, na mtu wa mtaa ule ule wa kumpokea mfungwa langoni.