Fahamu: Wanawake walioshika usukani Safari Rally

Tunduma tunaijua barabara kwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na kwenye usukani wa malori hayo karibu wote ni wanaume. Lakini katika mbio za magari za rally, tofauti na soka, wanawake hushindana na wanaume moja kwa moja: kila gari huondoka peke yake, saa inahesabu, na mwenye muda mfupi ndiye anayeshinda.

Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1974 Orie Rogo Manduli wa Kenya, aliyewahi kuwa Miss Kenya, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushiriki. Wakati huo njia ilikuwa ya siku kadhaa, ya vumbi na matope, na gari likikwama unalisukuma mwenyewe. Baadaye aliongoza baraza la mashirika yasiyo ya kiserikali nchini kwao. Alifariki 2021, na kwangu jina lake linastahili kufundishwa shuleni.

Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu 1983. Uganda nayo ilimpata Susan Muwonge, bingwa wa taifa wa rally 2011 mbele ya wanaume wote.

Kisha kwenye Safari Rally ya Juni 2022, huko Naivasha nchini Kenya, Maxine Wahome, aliyeanzia kwenye pikipiki za motokrosi, aliendesha Ford Fiesta na kushinda daraja la WRC3 la mashindano ya dunia ya rally. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda daraja hilo kabla yake, popote duniani.