Kinahuatli, Lugha ya Meksiko

Mwalimu akiandika ubaoni neno "ninakupenda", kisha akawauliza wanafunzi wake ni maneno mangapi, watamjibu kuwa ni moja. Lakini neno hilo moja limembeba anayependa, na wakati wa kupenda, na anayependwa, na tendo lenyewe. Mgeni anayeanza kujifunza Kiswahili hustaajabu sana. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika nchi ya Meksiko, wako watu ambao wasingestaajabu hata kidogo. Wao husema "nimitztlazohtla". Hapo ni- ndiyo mimi, -mitz- ndiyo wewe unayependwa, na tlazohtla ndiyo kupenda. Hata ile ni- ya mwanzo yafanana na yetu! Wala tusidhani kwa ajili hiyo kwamba lugha hizi mbili zina undugu. Hazina, zimekutana tu, kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja.

Lugha hiyo yaitwa Kinahuatli. Ndugu zake wa kweli wako upande wa kaskazini: lugha ya Wahopi na ya Wakomanchi katika Marekani, na ya Wayaki katika Meksiko yenyewe. Zamani ilisemwa na Wamexica, wale ambao vitabu vingi huwaita Waazteki, waliouanzisha mji wao wa Tenochtitlan katika kisiwa cha ziwa Texcoco mwaka 1325. Lakini haikuwa lugha yao peke yao. Watu wa Tlaxcala, adui zao wakubwa, walisema lugha hiyo hiyo, na wafanyaji biashara waliichukua hata nchi za mbali.

Kinahuatli hupenda kuunganisha maneno. Maji ni atl, mlima ni tepetl. Ukiyaunganisha wapata altepetl, na maana yake ni mji pamoja na nchi yake na utawala wake. Kwa kweli ni maana nzuri, maana pasipo maji na mahali pa kukaa hapana mji. Ule mlima mrefu utoao moshi karibu na jiji la Mexico waitwa Popocatépetl, yaani mlima ufukao moshi. Tena wao walihesabu kwa ishirini-ishirini, si kwa kumi-kumi kama sisi. Ishirini mara ishirini ni mia nne, centzontli, na neno hilo lilitumika pia kwa kitu kilicho kingi mno. Yuko ndege mmoja aigaye sauti za ndege wengine, nao wakamwita mwenye maneno mia nne.

Heshima nayo yawekwa ndani ya neno lenyewe, kwa kulitia -tzin mwishoni. Katika habari za vita twamkuta mwanamke mmoja ambaye Wahispania walimbatiza jina la Marina. Kwa kuwa Kinahuatli hakina sauti ya r, wenyeji walisema Malina, kisha wakaongeza heshima: Malintzin. Alizaliwa kati ya wasema Kinahuatli, akatiwa utumwani kwa Wamaya, na mwaka 1519 akatolewa kuwa zawadi kwa Hernán Cortés na askari zake, pamoja na wanawake wengine. Cortés alikuwa na Mhispania mmoja aliyejua Kimaya kwa kuwa merikebu yake ilivunjika huko zamani. Basi maneno ya Cortés yalipita kwa mtu huyu mpaka Kimaya, yakapita kwa Malintzin mpaka Kinahuatli, ndipo yakamfikia mfalme Moctezuma. Baadaye Malintzin akajifunza Kihispania, na yule mkalimani wa kwanza hakuhitajiwa tena. Tenochtitlan ulianguka tarehe 13 Agosti 1521. Hata leo wako wamwitao mwanamke huyu msaliti, na wako wamwonao mtumwa aliyeokoa maisha yake kwa akili. Sisi twaona kwamba aliyeuzwa na watu wake hakuwa na deni kubwa kwao.

Watawa Wafransisko kumi na wawili walifika mwaka 1524, wakaona kwamba hawataweza kufundisha dini pasipo kuijua lugha. Kabla ya hapo wenyeji waliandika kwa picha na alama. Sasa wakajifunza herufi za Kilatini. Andrés de Olmos alimaliza kitabu cha sarufi ya Kinahuatli mwaka 1547, na msomaji ajue kwamba sarufi ya kwanza ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1586! Alonso de Molina akatoa kamusi mwaka 1555, akaipanua mwaka 1571. Bernardino de Sahagún, pamoja na vijana wa kienyeji waliosoma katika chuo cha Tlatelolco, aliwauliza wazee habari za miungu, za dawa, za ndege, za ufundi na za vita, akaziandika katika vitabu kumi na viwili. Kazi hiyo imehifadhiwa katika mji wa Florence, Italia. Wenyeji nao hawakuwaachia watawa kalamu. Waliandika wosia, hati za mashamba, mashitaka na habari za miaka kwa lugha yao, na karatasi hizo zimebaki nyingi.

Mwaka 1570 mfalme Felipe wa Pili aliamuru Kinahuatli kiwe lugha ya kutumiwa na wenyeji wote wa nchi ile. Hata hivyo jina la mfalme halikudumu kuwa ulinzi, kwa sababu mwaka 1770 mfalme mwingine, Carlos wa Tatu, aliamuru lugha za wenyeji zizimwe, watu waseme Kihispania tu.

Lakini maneno yalikwisha kusafiri. Askari wa Kinahua waliofuatana na Wahispania kusini waliipa miji ya Wamaya majina ya Kinahuatli, na hata jina Guatemala latoka kwao. Merikebu zilizotoka Acapulco kwenda Manila ziliyavusha maneno bahari ya Pasifiki, na hivi leo katika Ufilipino gulio huitwa tiangge, kutoka tianquiztli. Nyanya tulayo ni mmea wa huko, na jina lake katika Kiingereza na Kihispania latoka katika tomatl. Chokoleti nayo ilifika Ulaya kutoka Meksiko, ingawa wataalamu wangali wakibishana jinsi jina lake lilivyoundwa.

Sasa tutazame lahaja. Mtu wa Mombasa husema mato pale ambapo mtu wa Unguja husema macho, nao huelewana. Kinahuatli nacho kina alama ya namna hiyo. Maji katika nchi ya kati ni atl. Katika milima ya kaskazini ya Puebla ni at. Upande wa magharibi, huko Michoacán, ni al. Lakini tofauti haziishii katika sauti. Mtu wa Huasteca na mtu wa Guerrero huweza kusikilizana kwa shida. Taasisi ya Serikali inayoshughulika na lugha za wenyeji ilitoa orodha mwaka 2008, ikataja aina 30. Hakuna lahaja moja iliyokubaliwa na wote kuwa ya vitabu, kama Kiunguja kilivyochaguliwa kwetu. Hata maandishi yana ubishi: wengine hufuata watawa wakaandika calli, nyumba, wengine huandika kali. Wasemaji wengi huiita lugha yao mexicano tu.

Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata wasemaji zaidi ya milioni 1.6 katika Meksiko. Ni wengi, lakini hesabu haituonyeshi kama wazee wasema na watoto wao. Kwa miaka mingi shule za Meksiko ziliwafundisha watoto kuona haya. Wako wasomaji wetu waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama zao shuleni. Hao hawahitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya mwaka 2003 ilizifanya lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa pamoja na Kihispania, na ni sheria njema, ila sheria haimwimbii mtoto akalala.

Katika El Salvador ilikuwa vibaya kuliko hapo. Huko husemwa Kinawati, ndugu wa karibu wa lahaja zile za at. Mwezi wa Januari 1932 wakulima waliasi, na askari wa Serikali wakaua watu kwa maelfu, wengi wao wenyeji. Waliosalia waliona kwamba vazi la kienyeji na neno la kienyeji vyaweza kumtambulisha mtu kwa mwuaji. Basi wakina mama wakawanyamazia watoto wao. Leo wanaokijua Kinawati tangu utoto ni wachache mno, na wengi wao ni wazee. Katika mji wa Santo Domingo de Guzmán baadhi ya wanawake wazee hao wamekaa na watoto wadogo wa shule ya chekechea, wakiwafundisha kusema at.