Adeer Anakaa Upande Gani wa Meza?

Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyefikisha umri wa miaka 18 hakuchukua kitambulisho kama mwenzake wa Nyeri au Kakamega. Mwenzake alijaza fomu, akapigwa picha, akapakwa wino vidoleni, kisha akasubiri. Yeye alisimama kwanza mbele ya jopo la uhakiki. Mezani walikaa chifu, maafisa wa usajili na wa usalama, na kando yao wazee wa koo. Aliulizwa jina la baba, la babu na la baba wa babu. Ukoo gani, tawi gani. Kwao ni wapi, na mzee gani anawajua. Nasaba hiyo mtoto wa Kisomali hukaririshwa angali mdogo, wenyewe huiita abtirsi, na anayeitiririsha bila kukwama husifiwa na kila mgeni anayeingia nyumbani. Mezani sifa iligeuka mtihani, na aliyesahihisha ni mzee ambaye kijana huyo humwita adeer, ndugu wa baba yake. Adeer akinyamaza, fomu haikusonga.

Mazungumzo kuhusu vijana na wazee wa kaskazini mashariki mwa Kenya hupenda kukwama kwenye simu, mitindo ya nywele, miraa na Kisomali kilichochanganywa na Sheng. Mambo hayo yapo, lakini yapo kila pahali. Mzee wa Zanzibar na yule wa Minneapolis wana malalamiko hayo hayo, na wajukuu wao wana majibu yale yale. Lililo mahususi kwa Garissa na jirani zake ni meza ile, na swali la nani ameketi upande upi. Hoja yangu ni kwamba utiifu wa vijana kwa wazee katika eneo hili ulikuwa malipo ya kazi ngumu: mzee alisimama kati ya kijana na serikali iliyomshuku. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imepungua sana, na mzee mwenyewe mara nyingi amehamia upande wa pili wa meza, huku utiifu ukidaiwa kwa kiwango kile kile cha zamani. Mvutano wa leo umetoka hapo, na kuuita utovu wa adabu ni kuukwepa.

Mamlaka ya wazee ni ya kale, lakini ukubwa iliofikia ni zao la utawala wa mabavu. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ilimpa mkoloni uwezo wa kuamua kabila gani likae wapi, nani avuke mpaka wa wilaya, na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mmoja. Uhuru haukuifuta tabia hiyo. Desemba 1963, wiki mbili hivi tu baada ya bendera mpya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo lililoitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967, na sheria za hatari zikabaki hadi Novemba 1991. Katikati ya miaka hiyo pana Garissa ya 1980, mji ulipochomwa na watu wakauawa na vikosi vya usalama. Pana uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, ambako wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na kuuawa, tukio ambalo hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja vifo 57 huku wenyeji wakisema ni mamia kwa maelfu. Pana pia 1989, Wasomali wote wa Kenya walipoamriwa kuhakikiwa na kubeba kadi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Nchi ikikuchukulia hivyo, unamhitaji mtu anayeweza kwenda kwa mkuu wa wilaya na kusema: huyu ni wetu, mwachieni. Mtu huyo alikuwa mzee wa ukoo. Hakuwako wakili, hakuwako mbunge wa maana, na gazeti la Nairobi lilifika likiwa limechelewa, kama lilifika.

Kulikuwa na bima pia. Mtu akiua, kwa makusudi au kwa ajali ya lori, hulipa ukoo wake: dia, ambayo Wasomali huiita mag, ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. (Hesabu ya pili imekuwa ikiwakera wasichana waliosoma, na sioni jibu lililowahi kuwaridhisha.) Hakuna kijana mwenye ngamia 100. Anayewapata ni mzee, kwa kuketi na wenzake, kupunguza, kuahirisha na kuchangisha. Nguvu ya utaratibu huu haikukomea jangwani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikubali shtaka la mauaji yaliyotokea Eastleigh liondolewe, kwa kuwa familia mbili zilikuwa zimekwisha kupatana kwa ngamia na mbuzi. Kijana anayewabeza wazee asubuhi anaweza kuwahitaji jioni, na anajua. Ndiyo maana anatuma mchango wake kwa M-Pesa, akiwa karani Nairobi au dereva wa Probox kati ya Garissa na Modogashe, hata pale ambapo hakuulizwa kitu kabla ya kiwango kupangwa.

Mambo mawili yalivuruga mapatano hayo ya vijana na wazee. La kwanza ni ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini, wengi wao katika kaunti za wafugaji. Hasara hiyo haikuishia kwenye chakula. Baba aliyekuwa na ngamia ndiye aliyemwozesha mwanawe, akampa mtaji, na kwa hiyo akawa na neno la mwisho. Ngamia wakiisha, kijana anaingia mjini, anaendesha bodaboda ya mkopo, anamlisha baba yake, na bado akienda kikaoni anaketi nyuma. La pili ni ugatuzi. Tangu 2013 mabilioni ya shilingi yanafika kila mwaka Garissa, Wajir na Mandera, kaunti ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia karibu watu milioni 2.5, na pamoja nayo zimefika ajira, zabuni, basari na viti. Yapo sasa ya kugawa, na anayegawa huhitaji orodha. Mzee aliyekuwa akienda ofisini kumtoa kijana sasa anaitwa ofisini kusema kijana yupi aingie.

Hakuna pahali ambapo mzigo wa uamuzi wa wakubwa umewaangukia wadogo kwa uwazi kuliko Dadaab. Kambi zilifunguliwa 1991, na njaa ilipozidi, baadhi ya Wakenya wa vijiji vya jirani waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate mgao wa unga na mafuta, na pengine nafasi ya shule. Mzazi asilaumiwe kwa haraka. Serikali yake haikumpa unga. Lakini alama za vidole hazisahau. Miaka kumi au ishirini baadaye mtoto alikwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasoma kidole chake, ikamtaja mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo. Bila kitambulisho huandikishi laini ya simu kwa jina lako, hupati kazi ya kaunti, hupigi kura, na safari ya Nairobi inaishia penye kizuizi cha daraja la mto Tana, abiria wanaposhushwa na kupita mmoja mmoja mbele ya askari, kadi mkononi. Mzee anayekumbuka kipande cha zamani anaiona foleni ile kama udhalilishaji anaoufahamu. Kijana asiye na kadi haioni kabisa, kwa sababu hafiki hapo.

Mtetezi wa wazee atasema: ondoa mamlaka yao, nani atazuia damu? Pingamizi hili ni zito, na Wajir ndiyo ushahidi wake bora. Mapigano ya koo yalipokuwa yameuvuruga mji mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazee ndio waliokutana na kutoa Azimio la Al-Fatah, Septemba 1993, ambalo hadi leo huigwa. Ila tuangalie kazi ilivyoanza. Ilianza sokoni. Wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote anunue na kuuza popote sokoni bila kusumbuliwa, wakawa wanapita kibanda kwa kibanda kuhakikisha maziwa ya huyu yananunuliwa na yule. Walijua kuwa mila haimpi mwanamke mdomo wa kufunga amani, wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo, ambaye wakubwa hawakuwa na sababu ya kumwogopa, awe msemaji. Vijana nao wakaunda kundi lao. Wazee wakaketi mwisho, na sahihi zao zikawa na uzito kwa sababu mji ulikuwa umeshaandaliwa. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kifo chake. Anayeisimulia Al-Fatah kama ushindi wa wazee peke yao anaruka nusu ya kwanza ya kisa.

Linganisha na amani ya viti, kile kinachoitwa demokrasia ya maafikiano: wazee wa ukoo hukutana kabla ya uchaguzi, wakagawa ugavana, useneta na ubunge kwa matawi, kisha wagombea wengine wakaombwa wakae kando. Hupunguza fujo ndani ya ukoo, sikatai, na tawi dogo ambalo lisingepata kitu kwa kura linaweza kupata zamu. Lakini maafikiano ya ukoo mmoja hayamtulizi jirani. Baada ya uchaguzi wa 2013 mapigano ya koo za Garre na Degodia mpakani mwa Mandera na Wajir hayakukoma, na 2014 watu wengi walihama makwao. Tena yana tabia ya kumpa nafasi mwenye uwezo wa kugharamia vikao. Kijana wa miaka 27 mwenye digrii kutoka Chuo Kikuu cha Garissa, chuo ambacho kilipoteza watu 148 katika shambulio la asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 na bado kikafunguliwa tena, anaambiwa asubiri zamu ya tawi lake. Zamu hiyo huenda ikamkuta ana wajukuu.

Pingamizi jingine linawageukia vijana wenyewe: hao hao wanaowalaumu wazee mitandaoni, siku ya kura hupanga foleni kwa ukoo. Ni kweli, kwa kiasi kikubwa, na ingekuwa ajabu isingekuwa hivyo, maana bima bado iko kwa ukoo. Hata hivyo Mandera ya 2017 inapaswa kuwafikirisha wazee. Baraza la wazee wa Garre liliamua kwamba waliochaguliwa 2013 wasigombee tena. Gavana Ali Roba alikataa, akasimama, akashinda. Wapiga kura hawakuwa wameuacha ukoo wao. Walilipinga agizo, kwa siri ya sanduku, bila kumkosea adeer heshima usoni. Heshima ya mdomoni ilibaki nzima kabisa. Wazee wanaoipima mamlaka yao kwa idadi ya vichwa vinavyoinamishwa kikaoni wanapima kitu kisicho sahihi.

Penye udhaifu mkubwa zaidi ni maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, katika kesi za ubakaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua utatuzi wa kimila, ikaweka sharti kwamba usivunje haki za msingi. Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haimpi mzee yeyote ruhusa ya kuimaliza kesi ya namna hiyo kwa mifugo. Bado hulipwa, na msichana hakai kikaoni. Husemwa kwamba hiyo ni dini. Uislamu umehimiza sulhu na kumtukuza mkubwa, lakini haukumfanya babu hakimu wa jambo ambalo aliyedhulumiwa hakusikilizwa. Wapo masheikh wa eneo hilo wanaolisema hili waziwazi. Hapa sioni cha kusuluhisha kati ya vizazi. Upande mmoja umekosea.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki wa pekee wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Wapo wazee walioshangilia, na naamini walishangilia kwa dhati. Wengi wao walihojiwa 1989 na hawakusahau. Tangazo hilo limewavua kiti ambacho hakikuwa na faida kwao, kwani kila kijana aliyekataliwa aliondoka akikumbuka uso wa mzee wa kwao kuliko wa afisa aliyetoka mbali. Zimebaki meza za basari, za zabuni na za viti, na hizo hazitafutwa kwa tangazo. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Katiba inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 ambaye hajafikisha 35. Ukipiga hesabu, kila atakayeitwa kijana siku hiyo atakuwa amezaliwa baada ya Agosti 1992, miezi kadhaa tangu sheria za hatari kuondolewa. Kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, Garissa haitakuwa na kijana hata mmoja ambaye siku aliyozaliwa alihitaji mzee wa kumkinga dhidi ya sheria zile, na wazee watakapokutana kugawa viti watakuwa wakizungumza na watu wasiokumbuka wanachodaiwa.