ANKO, MIMI SIJAKAUKA!

Wiki iliyopita nilikwenda kwa anko kumwomba ada nirudie mtihani wa kidato cha nne, ule nilioufeli kwa kishindo. Anko akashusha gazeti, akaniangalia toka juu hadi chini.

"Mwanangu, una miaka 26. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ushakauka!"

Nikaondoka kimya, maana mkubwa hajibiwi. Lakini najua anko husoma ukurasa huu, basi jibu lake hili hapa.

Huko London, ukitaka leseni ya kuendesha teksi zile nyeusi, lazima ukariri kichwani mitaa ipatayo 25,000. Watu wazima na akili zao hupiga msuli miaka mitatu, minne. Mwanasayansi Eleanor Maguire akawapiga picha za ubongo madereva hao. Mwaka 2000 akatoa matokeo: sehemu ya nyuma ya hipokampasi, pale ubongo unapotunza ramani za njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine.

Utasema walizaliwa hivyo. Thubutu! Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett walitoa habari za wanafunzi 79 wa udereva huo, waliopimwa kabla hawajaanza kusoma. Mwanzoni hapakuwa na tofauti. Miaka mitatu, minne baadaye, wale 39 waliofaulu sehemu ile ilikuwa imeongezeka. Waliofeli, hola!

Lakini kuna jambo lilinichoma na mimi. Mwaka 2006 madereva hao wa teksi walilinganishwa na wa mabasi ya huko huko, wanaopita njia ile ile kila siku. Wa teksi wakawazidi. Nikashika tama. Kumbe tangu nifeli nimekuwa basi: nyumbani, kijiweni, nyumbani. Hapo siwezi kumsingizia mtu.

Ni kweli, mtoto hushika baadhi ya mambo vizuri kuliko mtu mzima, kwa hiyo samaki wa anko hajakosea kabisa. Ila mtu si samaki, bwana. Kichwa kinafuata kazi unayokipa, hata ukubwani.

Anko, ada bado naiomba. Ukikataa nitauza redio yangu. Vitabu nimeshaazima, na Jumatatu naanza kubukua.